Filamu Yangu ya Tofali

Aziziya, Ijumaa

Wamecheka! Mimi nimejikaza hivyo, wao wanacheka.

Nimeiga filamu za mzee ninayemtunza hapa kazini, babake bosi. Nikimlisha uji hutazama zile fupi za wakati wa vita: mama anaacha kununua kofia, pesa anaikopesha serikali kwa kununua bondi, halafu ndege ya vita inapaa. Nikawaza, kumbe watu huhimizwa kuweka akiba bila kutukanwa.

Basi leo, ili pesa ninazotuma nyumbani zijenge, zisiishie dukani, nikajirekodi jikoni kwa simu. Nikasimama wima, nikatabasamu: “Jamani, kila soda mnayoacha ni tofali la nyumba yetu!” Nikatuma kwa grupu ya familia.

Brayo, ndugu yangu, akauliza friji hiyo ni ya nani. Dada akacheka tu. Kuhusu tofali, mafi, kama wasemavyo Waarabu hapa: hakuna aliyesema kitu.

Nikazima simu kwa hasira. Nilipoiwasha tena, nikakuta Mama ametuma sauti.

“Nimeitazama mara mbili. Mbona shingo yako imekuwa nyembamba hivyo? Nyumba itangoja, mwanangu. Wewe kula.”

Nimeenda nikapasha wali, nikala wote.