Tuliposimama Mbele ya Vinanda Vitatu

Tanga, Jumamosi, masika ya mwaka 1957.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa imekatika. Ua umejaa maji, na hewa ni nzito kama nguo iliyokataa kukauka. Nimeketi barazani na daftari hili kabla Damari, mke wangu, hajaniita kula. Moyo umenichafuka. Nimetafuta neno lililo bora kuliko hilo, sikulipata.

Leo nimetazama sinema, nami nimechukizwa.

Nitaandika kwa utaratibu, maana nikiifuata hasira yangu nitaanzia mwisho.

Wiki iliyopita tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa jamii: picha ya kinanda, bendi kubwa na kwaya, kutoka Ulaya, Jumamosi saa kumi jioni, watu wote mnakaribishwa. Nilifurahi. Nimefundisha kwaya ya usharika wetu tangu nilipoteremka kutoka milima ya Usambara nikiwa bado na nywele nyeusi, na katika miaka hiyo yote wanakwaya wangu hawajapata kuiona kwaya nyingine ila zile za Muheza na Pangani, ambazo si bora kuliko yetu. Nikawaagiza waje wote, wamevaa nguo za Jumapili. Nikawaketisha mistari ya mbele kwa mpangilio wa sauti, ya kwanza mpaka ya nne, kama tunavyoketi kanisani.

Nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Kesho baada ya ibada wazee wa kanisa watakutana mbele ya kwaya yote, nami nitatakiwa kumtaja mtu wa kuishika kwaya na kinanda baada yangu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki tena. Watu wanaofaa ni wawili, na wote nimewafundisha mimi. Zakaria ni seremala wa mtaa wa Mabawa, mtu mtulivu, hajachelewa zoezi hata siku moja. Elieza ni karani wa bandarini, mwepesi wa vidole, mwepesi wa ulimi, na mara mbili nimemkuta akikipiga kinanda cha kanisa kwa namna ambayo sikumfundisha. Nilitaka kuwatazama wote wawili wakisikiliza. Mtu anaposikiliza hawezi kujificha.

Tulifika. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili kuwe na giza, na joto ndani lilikuwa la tanuri. Mistari ya nyuma ilijaa watu wa mjini wa kila namna, wenye kanzu na wenye suruali, wanawake wenye kanga na watoto migongoni. Kando ya shuka jeupe alisimama kijana mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ni kutufasiria. Sikuona kinachohitaji kufasiriwa katika muziki. Yeye aliona.

Picha ilipoanza, alitokea mtu mwenye nywele ndefu zilizopakwa mafuta, amevaa joho mpaka miguuni. Kwa mbali ungedhani ni joho la mchungaji. Karibu uliona kwamba limeshonewa vipande vinavyometameta. Alizungukwa na vinanda vitatu vya umeme: kimoja mbele, kimoja kuumeni, kimoja kushotoni. Nyuma yake walikuwapo wapigaji wa fidla na tarumbeta, nadhani walizidi sitini, na nyuma yao kwaya kubwa kuliko usharika wetu mzima. Watu wote hao walikuwa wakimngoja mtu mmoja atengeneze mikono ya joho lake.

“Tazameni, mabibi na mabwana!” akapaza sauti yule mfasiri. “Mtu mmoja, vinanda vitatu! Mkono mmoja huku, mkono wa pili kule, na mguu nao haukupewa likizo!”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mtu yule hakupiga kinanda. Alikishambulia. Alipiga kwa viganja, alipiga kwa kiwiko, alikimbia kutoka kinanda hiki hadi kile kama mpishi wa harusi anayeunguza vyungu vitatu. Kila alipomaliza mbio zake alitutazama sisi, hakuitazama kazi yake. Fidla zile zote ziliachiwa kujaza mapengo. Na kwaya! Watu mia wenye koo nzima, waliosimama kwa adabu, walipewa kuimba “aa” tu, pasipo neno hata moja, kama wagonjwa mbele ya tabibu wa koo. Nilijiuliza ni mwalimu gani aliyekubali kuwafanyia watu wake jambo hilo.

Na haya yote wakati wa Kwaresima.

Ndipo likatokea jambo ninaloona haya kuliandika.

Katika usharika wetu kuna wimbo mmoja wa Ijumaa Kuu. Kinanda kikitoa milio ya kwanza ya wimbo huo, watu wote husimama, na hakuna aketiye mpaka Amina ya ubeti wa mwisho. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Mwaka mmoja bibi mmoja alizimia katikati ya ubeti wa nne, na waliokuwa karibu naye walimshika wima, mmoja kwapa hili na mwingine kwapa lile, mpaka Amina ilipokwisha, ndipo wakamlaza.

Yule mwenye joho alituliza mikono. Fidla zikanyamaza. Kwaya ikainuka. Kinanda kikatoa milio ya kwanza ya wimbo wetu, polepole, kama ninavyoitoa mimi.

Nikasimama.

Sikufikiri. Miguu ilisimama yenyewe. Kwaya yangu nzima ikasimama pamoja nami, mistari minne, viti vikalia. Nyuma yetu zikaanza kelele.

“Kaeni chini, wazee!”

“Aa, Mwalimu, sisi tumekuja kutazama sinema, hatukuja kutazama visogo!”

“Waacheni, labda wanataka kushuka kituo hiki!”

Kicheko kikubwa. Sikugeuka. Mstari wa kwanza wa wimbo uliimbwa vizuri, lazima niwe mkweli. Wa pili pia. Waliuimba kwa lugha yao, kwa maneno hasa, na sauti ya nne ilikuwa kama ardhi. Kwa mistari hiyo miwili niliwasamehe joho, kiwiko na vile vinanda vitatu.

Katika mstari wa tatu yule mtu akatabasamu.

Akaushika mguu wa wimbo na kuuvuta. Sijui namna nyingine ya kueleza. Ngoma ikaingia chini, tarumbeta zikaanza kurukaruka, na wimbo wa mateso ya Bwana ukageuzwa muziki wa dansi, wa watu kukamatana viuno. Kwaya ikarudi kwenye “aa” yake. Mfasiri akapiga makofi karibu na kipaza sauti: “Hapo sasa! Hapo sasa! Nani mwenye miguu?” Kumbe wenye miguu walikuwa wengi, maana nyuma walianza kucheza.

Nasi tulikuwa bado tumesimama.

Tulisimama kwa adabu, mikono imeshikamana mbele, nguo za Jumapili zimelowa jasho, tukiuheshimu muziki wa dansi. Tulikuwa tukiingoja Amina. Haikuja.

Nilitupa jicho pembeni. Zakaria alikuwa wima kama nguzo, macho yake kwangu, si kwenye picha. Elieza alikuwa ameketi.

Peke yake katika mistari minne, Elieza alikuwa ameketi. Ameinama mbele, macho hayapepesi, na juu ya magoti yake vidole vyote kumi vilikuwa vikienda. Vilikuwa vikimfuata yule mtu.

Hapo hapo nilikata shauri. Nilisema moyoni: huyu sitamtaja. Afadhali kwaya yangu iongozwe na nguzo kuliko kuongozwa na vidole vile.

Picha ilipokwisha na magunia kuondolewa, tulitoka bila kutazamana. Mvua ilikuwa nyepesi. Zakaria alinifuata na mwavuli.

“Pole, Mwalimu,” akasema.

“Wewe ulisimama mpaka mwisho,” nikamwambia. Nilitaka kumsifu.

“Ndiyo, Mwalimu. Ningesimama mpaka kesho.”

“Uliwaza nini, pale wimbo ulipogeuzwa?”

Akanitazama kwa wasiwasi. “Uligeuzwa wapi, Mwalimu? Mimi nilikuwa nikikutazama wewe.”

Nikamwambia aende nyumbani, asilowe.

Elieza alinikuta karibu na kona ya nyumba yetu. Alikuja mbio, viatu mkononi ili visiharibiwe na matope.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Tumeshaamkiana leo.”

“Najua. Nimeona umeudhika, nikaona nianze upya.”

“Uliketi, Elieza.”

“Niliketi.”

“Kabla ya Amina. Mbele ya wenzako.”

“Mwalimu, niwie radhi. Amina ya nini? Wimbo wetu ulikwisha kwenye mstari wa tatu. Alipoiteremsha ile sauti ya nne pasipostahili, pale pale, aliutoka. Baada ya pale haukuwa wimbo tena. Ningesimama, ningekuwa nimelisimamia dansi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tunasimama kwa ajili ya wimbo, hatusimami kwa ajili ya kinanda.”

“Na vidole?”

Akacheka kidogo, akanyamaza alipouona uso wangu. “Vidole sivikatai. Nilitaka kujua anafanyaje. Jambo ovu, Mwalimu, lakini mtu yule ana mikono! Ningemwona fundi anachonga mlango wa kilabu cha pombe, ningeitazama randa yake pia.”

“Utakuja kuipiga takataka ile kanisani?”

“La.”

“Unaapa?”

“Siapi. Nimesema la.”

Nikaingia ndani bila kumuaga. Hilo halikuwa jambo la adabu, nami ndiye ninayewafundisha wengine adabu.

Damari alikuwa akikuna nazi. Nilimweleza yote, nikidhani atakasirika pamoja nami. Alisikiliza mpaka kifuu kikawa kitupu.

“Baba Yohana,” akasema, “kwa hiyo wewe ulisimama mpaka mwisho wa dansi?”

“Tulikuwa tukiingoja Amina.”

“Wewe? Unayesikia kuku akikosea sauti?”

Akaendelea na kazi yake. Kwa hiyo nimetoka hapa barazani, na daftari limekuwa zito mkononi.

Sasa niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayeusoma ila mimi na Mungu.

Nilisikia.

Sauti ile ya nne ilipoteremka, niliisikia kabla ya Elieza, au pamoja naye. Nilijua papo hapo kwamba tumetolewa nje ya wimbo. Sikusimama kwa kuingoja Amina. Niliendelea kusimama kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusimama, na watu wa nyuma walikuwa wakicheka, na kuketi kungekuwa kukiri mbele ya mji mzima kwamba mwalimu wa kwaya amekosea. Nikawaacha watu arobaini walowe jasho pamoja nami, kina mama wenye miguu iliyovimba wakiwamo, ili mimi nisionekane nimekosea. Nikaliita jambo hilo adabu. Nimeliita adabu hata humu, ukurasa uliopita, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimechukizwa na sinema ile, na chuki hiyo siiondoi. Ni uchafu. Kuuchukua wimbo wa msalaba na kuupeleka dansini ni uchafu, iwe kwa vinanda vitatu au kwa thelathini. Aliyemvika mtu yule joho la namna ile ataulizwa siku moja. Mfasiri wake naye ataulizwa.

Lakini yule mtu hakuniomba nisimame.

Namfikiria Zakaria. Ni mtu mwema, na nampenda. Akiishika kwaya atafanya kila nilichokifanya, na makosa yangu atayafanya kwa uaminifu uleule. Atakuwa akitazama mahali niliposimama, hata siku ambayo mimi sipo. Watu arobaini watamtazama yeye. Na atakayekuwa akisikiliza ni nani?

Elieza namwogopa. Naandika neno hilo na kuliacha lilivyo. Namwogopa kwa vidole vyake, na kwa kukataa kwake kuapa. Huenda baada ya miaka kumi akapiga kitu ambacho kitanifanya nigeuke kaburini. Lakini leo, kati yetu sote, ni yeye pekee aliyesikia na kufanya kile alichokisikia, huku mwalimu wake amesimama na kumkodolea macho. Mimi katika umri wake nisingethubutu. Katika umri huu sikuthubutu.

Damari ananiita. Wali umeiva.

Basi kesho, wazee watakaponiuliza, nitalitaja jina la Elieza. Nitalitaja bila kutabasamu, wala sitaongeza sifa, maana kichwa chake hakihitaji kuvimbishwa. Na wakiniuliza sababu, kama watakavyouliza, kwa kuwa habari ya ukumbini imekwisha kuwafikia, nitatakiwa kusema mbele ya kwaya yote kwamba yeye aliketi mahali palipostahili, na kwamba mimi nilijua, nikawasimamisha wao.

Jina naweza kulisema hata sasa. Hilo la pili nimelijaribu hapa barazani kwa sauti ndogo, mara tatu, na mara zote tatu nimeishia katikati.

Ibada ni saa tatu. Je, hata saa hiyo nitakuwa nimelimaliza?