Nilimletea Mke Wangu Bomba la Maji

Mshauri wetu, nishike mkono, maana mimi ni bwana harusi wa juzi na furaha imenijaa hadi naongea na sufuria. Mke wangu ni fundi wa kukereza vyuma, mashine yake iko chumba cha uani, na nikimwona amejifunga kitambaa kichwani, vumbi la chuma likimmetameta mikononi, naona nimeoa nyota. Sasa mama mkwe aliteleza akaumia nyonga, na mwandani wangu akaamua kumtengenezea fremu ya kutembelea, yenye miguu inayorefushwa, chuma chembamba kikiteleza ndani ya kinene, nami kwa mahaba nikakimbilia dukani nikaleta mabomba ya maji, mazito, yanayong'aa, akayapokea akanibusu. Jana nikamsikia shemeji akimcheka, "Dada, bwana'ko kakuletea bomba la bafuni!" Naye akajibu, "Shusha sauti, atasikia. Nitalipiga tupa mpaka likubali." Anakwangua mshono ulio ndani ya bomba ili chuma chembamba kipite, vidole vimeota malengelenge, na mama bado anatembea akishika kuta. Nikisema nilisikia, nitamwaibisha, nikinyamaza, je?

Bwana harusi wa Juzi

*

Bwana harusi, hongera, na sufuria ziache zipumzike.

Hukukosea kupenda, ulikosea chuma. Bomba limeumbwa kupitisha maji. Inchi inayotajwa dukani ni jina tu. Lipime upana wa nje uone kama utaikuta inchi hiyo. Ndani lina mshono unaokwamisha, ni zito kwa mama mwenye nyonga mbovu, na ile zinki iliyopakwa juu likakung'aria ikichomelewa hutoa moshi wa sumu. Mkeo anayajua yote haya, kisha anakwangua kimya ili usinune! Wewe nawe unasikia, unajificha nyuma ya mlango. Ndoa changa hivi, mmeshaanza kufichana?

Kinachotakiwa ni tyubu ya chuma. Hiyo hupimwa upana wa nje na unene wa ukuta wake, kwa hiyo fundi hujua mapema ipi itaingia ndani ya ipi. Ile ya nje iwe isiyo na mshono.

Leo hii mwondolee tupa mkononi, mwambie, "Mke wangu, nilileta chuma kisichofaa, twende wote dukani." Yeye apime na kuchagua, wewe beba. Mabomba yako yasimikeni uani, yawe nguzo za kamba ya kuanikia nguo.

Na fremu ikiisha, wa kwanza kuiegemea kwa uzito wake wote awe wewe, kabla ya mama.