Nimepotea Tokyo Nikiwa Hewani

Bushra uko? Jibu, nataka kulia.

Nimetoka Kitui mpaka Tokyo kutangazia redio yetu riadha ya dunia, na fainali ya mita elfu kumi imeisha nikiwa ndani ya treni!

Nilipanda ile ya haraka bila kujua. Ikapita stesheni ya uwanja bila kusimama. Uwanja nimeuona na macho yangu ukirudi nyuma!

Sasa treni za huku hakuna mtu anaongea na simu. Kimya kama watu wako kwa mtihani. Ndio Mutunga anapiga kutoka studio: "Halima, uko hewani! Hali ikoje uwanjani?"

Nikanong'ona, "Siko uwanjani. Nimepotea."

"Ati? Ongeza sauti!"

"NIMEPOTEA!"

Behewa lote likageuka. Mzee mmoja akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Na Mutunga akacheka. Hewani, Bushra! Akacheka!

Saa hii mama amenipigia kutoka Zombe akilia, soko lote limesikia. Ananiambia nisisonge hapo nilipo, Fahim anakuja kunichukua.

Kunichukua. Tokyo. Fahim ndugu yangu, ambaye hata hapo kwenu Makindu hajawahi kufika peke yake.