Mama Mkwe Anasema Shairi Langu la Kichina ni Hirizi

Mpendwa Shangazi Atu, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa baada ya alasiri nawekewa kikao.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtoni na mume wangu Azan, mwenye duka la vigae, pamoja na mama yake, Bi. Jokha. Kabla ya kuolewa nilisoma Kichina miaka miwili chuoni, ndiyo maana mimi ndiye ninayewasiliana na wauzaji wa China kwa ajili ya duka, na hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba mwalimu wangu aliniachia kitabu cha mashairi ya kale ya Kichina, na kila usiku watoto wakishalala, Azan akianza kukoroma na mama akishafunga mlango wake, nakaa jikoni nakisoma. Shangazi, sijui nikueleze vipi raha yake. Mashairi yenyewe ni mistari minne tu, naweza kukaa na moja wiki nzima, nyumba imetulia, friji tu ndiyo inanguruma, na kwa nusu saa ile hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Kuna moja la karani mzee anayesoma usiku, mvua inagonga paa, mafuta kwenye taa yake yamebaki kidogo, naye anasema kesho watamkuta anasinzia kazini na wala hajali. Nililipenda mpaka nikalinakili kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya vyumba vyumba, kila herufi na chumba chake, kama tulivyofundishwa.

Usiku ule narudi kulala na karatasi mkononi, Azan akajigeuza, nikashtuka nikaichomeka chini ya godoro upande wake, ndio ulio karibu na mlango, nikasahau. Wiki iliyopita mama akatoa magodoro kuyaanika, akaikuta. Wino mwekundu, vyumba vya mraba, maandishi asiyoyajua, tena upande wa mwanawe. Hirizi alizoziona yeye tangu utotoni ziliandikwa hivyohivyo. Akampelekea mwalimu wa madrasa, naye akasema si Kiarabu, hajui ni nini, ikawa ndio balaa zaidi. Isitoshe Azan siku hizi anarudi nyumbani mapema, haendi tena barazani kwa wenzake, kwa sababu presha ilipanda na daktari amemkataza kahawa, lakini mama anasema nimemweka kwenye chupa.

Azan akaniuliza taratibu, "Hii karatasi ni ya nini?" Nikamjibu, "Ni oda ya vigae." Niliona nikisema ni shairi wataniuliza nafanya nini jikoni kila usiku, na nusu saa yangu itakuwa kitu cha kuombea ruhusa. Akaitazama ile karatasi, akasema atamwita mpwa wake Aiman, aliyewahi kuishi China, aisome mbele ya wazee. "Kama ni vigae, Aiman atatuambia ni vya saizi gani." Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto. Mama amesema ikithibitika nirudi kwetu Tandale.

Nampenda mume wangu na ninaogopa. Nimeshika simu mara tatu nimpigie Aiman nimwombe aseme ni vigae. Nimpigie?

Salsabil (si jina langu halisi), Mtoni

*

Marahaba Salsabil. Weka simu chini.

Mama mkwe wako simlaumu. Hata mimi ningekuta karatasi kama hiyo chini ya godoro la mwanangu, nisingelala. Ameogopa, basi. Wewe ndiye uliyeulizwa kistaarabu ukajibu uongo, tena uongo mbovu. Mtu anauza vigae kila siku, oda zako zote anaziona kwenye simu, halafu aamini kwamba hii moja umeiandika kwa wino mwekundu ukaifukia kitandani? Na sasa unataka kumwingiza Aiman awadanganye wazee wake. Siku utakayokuwa na siri na mpwa wa mumeo, hapo utakuwa umejitafutia talaka mwenyewe.

Kuhusu hiyo nusu saa, nakuelewa, mwanangu. Najua nyumba za ukweni, mwanamke akikaa na kitabu anaonekana hana kazi. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta aliyekukataza kusoma, sijamwona. Umejificha mwenyewe, na umejificha mpaka umeonekana mchawi.

Usisubiri Ijumaa. Leo usiku mwite Azan jikoni, mkalishe kwenye kiti chako, umwambie, "Nilikudanganya." Anza na hilo, sababu zifuate baadaye. Mfungulie kitabu, alinganishe ile karatasi na ukurasa, herufi kwa herufi. Msomee kwa Kichina, kisha mweleze kwa Kiswahili habari za yule karani na mvua yake. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Mwambie pia kwamba nusu saa hiyo unaitaka, na uitaje kwa jina lake: kusoma.

Ijumaa kaa kwenye kikao utulie, Aiman asome bila kuambiwa neno. Kisha mwombe mama radhi kwa hofu uliyomtia, na wazee kwa uongo. Kwa kusoma usimwombe mtu radhi.

Usiku huohuo, mama akiwa bado hajafunga mlango wake, washa taa ya jikoni, kaa, fungua kitabu. Akipita akiuliza unafanya nini, mwambie unasoma.