Ramani ya mawazo imeniponza

Shoga, leo nimeumbuka!

Mkaguzi kaingia darasani kwangu na mkuu wa shule. Mimi na mbwembwe zangu, nikawaambia wanafunzi wachore ramani ya mawazo: katikati "Uchafu wa mto", halafu kila tawi waliulize "kwa nini?"

Binti mmoja kasimama kuonyesha yake. Mto, choo cha shule, bomba lililopasuka, "mkuu anajua".

MKUU ANAJUA! Na mkuu yupo pale pale!

Akafoka, "Nani kakufundisha haya?"

"Mwalimu. Alisema tusiishie tawi la kwanza."

Hongera kwangu, nafundisha vizuri mno!

Mkaguzi akataka kuliona bomba.

Sasa mkuu kaamuru kuanzia kesho watoto wanakili tu ubaoni. Lakini fundi wa bomba kashaanza kuchimba, shoga.