Mtume Naye Aliogopa

Mama Neema,

"Barua za mitume ziliandikiwa mashujaa. Mwoga hana barua." Maneno hayo aliyatamka Mzee Yakobo, kiongozi wa wazee wa kanisa letu hapa Umbilo, Jumapili iliyopita, na watu wakaitikia amina. Hakuishia hapo. Alisema wote walioacha kuja ibadani kwa sababu ya hofu watatengwa na meza ya Bwana Jumapili ijayo. Mmoja wao ni binti yako.

Unanijua. Nilisimama nikamuuliza: tangu lini mtu akashika kalamu kumwandikia shujaa ajipe moyo? Dawa hupelekwa penye ugonjwa. Kama wale wa kwanza hawakuogopa, mtume alipoteza wino wake bure. Akanijibu, "Mwalimu, kaa. Hapa si darasani." Nikakaa. Si kwamba alinishinda kwa hoja. Niliogopa, nami sikutaka waone.

Nilipokuwa nimekaa pale nilikumbuka barua ya mama yako, ile aliyotuletea mfanyabiashara kutoka kwetu Uvira, imelowa jasho la safari. Mimi nilirukia katikati, penye habari za vita. Ukaninyang'anya. "Baba Neema, barua ya mama unasomaka hivyo? Ita watu kwanza." Majirani wakaketi kitandani na juu ya ndoo, ukaisoma kutoka salamu hadi salamu. Mzee Sabiti wa chumba cha pili hakuuliza lolote kuhusu vita. Alikuwa akingoja jina lake tu. Lilipofika, alivua kofia.

Jumatano yake tulikuwa na somo letu la Biblia. Siku zote tulikuwa tukidonoa mstari mmoja hapa, mmoja pale, kama mtu anayechagua nyama kwenye sahani ya wenzake. Wewe ukasema leo tunasoma kama ya mama. Ukachukua barua ile fupi, iliyoandikiwa kanisa changa ambalo mtume alilazimika kulikimbia kabla halijasimama vizuri. Ukaisoma yote, na mafua yako. Mzee Yakobo akatazama saa.

"Mama, taksi zitaisha."

"Mtume alitembeaka kwa miguu, Mzee. Vumilia kidogo."

Watu wakacheka, naye akacheka.

Ulitua mahali pamoja tu, pale mtume anapokiri kwamba alishindwa kuvumilia, kwa kuwa hakujua kama watu wake bado wanasimama. "Munaona?" ulisema. "Huyu anaogopa. Lakini hakukaa na woga wake nyumbani. Alituma mtu aende kuwaangalia." Nimesoma wataalamu wengi juu ya barua zile na nimegombana na karibu wote. Hakuna aliyenionyesha jambo hilo kabla yako.

Sasa sikiliza habari za nyumbani. Neema anasuka nywele kule Isipingo, ambako kutoka huku ni lazima upande taksi, na amepanga chumba huko huko na wasichana wawili wa Burundi. Mwezi uliopita, kwenye stendi ya taksi, zile basi ndogo za abiria, wanaume walimsikia akiongea Kiswahili na mwenzake. Wakamwita kwerekwere, tusi lao kwa sisi wageni, wakamsukuma chini, wakamwambia wakimwona tena pale hatarudi nyumbani akiwa hai. Tangu siku hiyo hapandi taksi, wala wale wenzake hawapandi.

Nilimwendea Jumamosi, siku moja kabla ya Mzee Yakobo kusema yale, nilipotoka kazini mtaa wa Jacobs. Mimi niliyezoea kufukuzwa mikutanoni kwa kusema sana, njia nzima sikufungua mdomo, maana lafudhi yangu ingenitaja. Alifungua mlango nusu.

"Papa, usikuje tena peke yako. Wakikuua huku, mimi nitabaki na nani?"

Nilimpa mkate niliombebea, nikarudi kabla giza halijaingia.

Naiogopa ile stendi, Mama Neema. Nawaogopa vijana wanaokaa pale kwenye ukuta wakitupima kwa macho. Lakini Jumapili ijayo naiogopa zaidi. Wakimtenga, atabaki mle chumbani na hofu yake, na nje hakuna atakayelitaja jina lake. Waliokuzika wewe ni watu hawa hawa wa kanisa. Ukoo mwingine katika mji huu hatuna.

Pumzika. Yaliyobaki nawaambia wenye masikio.

Mzee Yakobo, nanyi wazee wenzake: barua ile mliisikia yote, na mlicheka pamoja na Mama Neema. Msinisomee tena habari za mashujaa. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, nitakuwa nimesimama mlangoni pa kanisa. Njoni. Tupande taksi pamoja, sisi sote, twende Isipingo tumlete Neema na wenzake, na meza ya Bwana isitandikwe mpaka tuwe tumerudi nao.

Mimi,
Baba Neema