Picha Zenye Ngazi

Jumatatu, 10 Juni
Leo nimefanya ubaya. Sina wa kumwambia, naandika.

Mke wangu, Mama Pacha, anaomba kazi. Chuo cha wasioona, kufundisha kompyuta, safari ya saa tisa toka hapa. Kulala hukohuko. Fomu kaijaza mwenyewe – kompyuta inamsomea kwa sauti, yeye anachapa. Mwisho kabisa ikataka picha. Thibitisha wewe ni mtu, chagua picha zote zenye ngazi. Hapo ile sauti haina msaada, inasema tu “picha, picha, picha”. Akabonyeza pa kusikiliza. Namba zinatajwa ndani ya makelele, na sauti ya kompyuta nayo inaongea juu yake! Mara tatu kakosa. Akaniita. Baba Pacha, niazime macho.

Nikachagua madirisha.

Jumanne, 11 Juni
Jana nilikosea makusudi mara sita. Leo mara tano. Wametaka pikipiki, nikawapa miti. Kompyuta: jaribu tena. Anaisikia kwa masikio yake, atanishukuje? Halafu: muda umeisha, anza upya. Fomu yote ikafutika. Akaanza tena, jina, shule, kazi alizofanya. Mimi nakunywa chai aliyopika yeye.

Amewapigia simu. Wanatafuta mwalimu wa wasioona, mlangoni wameweka picha! Karani kacheka, kasema mama, si utafute mtu mwenye macho akusaidie.

Akajibu, ninaye.

Jumatano, 12 Juni
Kiwandani. Nimekata karatasi kutwa, madaftari ya shule. Bosi anawaambia wageni huyu mzee hahitaji rula. Sikusikia raha wala aibu.

Nyumbani, mara nne.

Alhamisi, 13 Juni
Pacha wameshaoa, kila mmoja kwake. Tumebaki wawili. Watu husema namtunza mke wangu kipofu, Mungu atanilipa. Uongo mtupu. Mashati yangu anayajua kwa kupapasa kola. Dawa yangu ya presha ananikumbusha yeye. Mimi kazi yangu ni hiyo tu, kuazimwa macho. Akienda, nani ataniazima?

Ningesema usiende. Sikusema. Nikaiachia mashine iseme.

Jioni akaniketisha. Sauti ya chini, kama analeta habari ya msiba. Baba Pacha, macho yako yanakwenda. Mimi nilianza hivihivi, vitu vidogo vidogo. Nikaficha miezi saba. Wewe usifiche.



Kliniki ya macho ni Ijumaa tu. Na fomu mwisho kesho, saa kumi jioni. Nikamkumbusha – hilo angalau. Akasema fomu nyingine zitakuja, macho hayaji mara mbili.

Ijumaa, 14 Juni
Njiani alinishika mkono yeye. Fimbo mbele, akaniweka upande wa ndani wa barabara, magari yasinipate.

Benchi lilikuwa limejaa. Nesi akauliza, mgonjwa ni mama? La, ni huyu. Mzee mmoja akaangua kicheko, leo kipofu kamleta mwenye macho! Mama Pacha akamjibu, mimi nimeshanyolewa baba, huyu namtilia maji mapema. Benchi zima likacheka. Na mimi nilicheka, nadhani.

Tukaingia wote. Ubao ukutani, mistari ya herufi. Yeye nyuma yangu, mkono begani kwangu. Nesi akasema anzia juu.

Ningeweza kukosea. Nina mazoezi.

Nilisoma yote. Mpaka ule wa chini kabisa, herufi kama sisimizi. Nesi akasema macho ya kijana haya, nani kakwambia unaumwa?

Mkono haukutoka begani mara moja. Ulikaa kidogo. Ndipo ukatoka.

Kurudi alitembea na fimbo yake peke yake.

Sasa yuko sebuleni, kamwita jirani, fundi cherehani. Nasikia, shemeji hayupo? Akasema yupo. Basi.

Fomu imejaa tena, wamefika kwenye picha. Ngazi. Fundi kaacha miwani kwenye cherehani, anasogeza uso mpaka pua inagusa kioo. Dada, hii ngazi au uzio? Jaribu tena. Fundi anasema ngoja nikafuate miwani. Mama Pacha anasema hatuna muda, angalia polepole.

Nimesimama mlangoni na daftari. Kutoka hapa naziona. Ni tatu. Saa kumi kasoro dakika nane.

Hajaniita.